Robo na Watu Wake

Simu iliyobadili maisha ya Spika ilimkuta juu ya meza, sokoni, sufuria mbili mkono huu na blanketi mkono ule, akinadi kwa sauti iliyosikika mpaka mtaa wa pili. Jina lake halisi watu walishalisahau. Alikuwa mnadi, tena mnadi wa kuzaliwa. Kipaza sauti alikuwa nacho, lakini kilikaa shingoni kama pambo tu. Aliyempigia alikuwa jirani wa mke wake kazini.

"Njoo hospitali. Fundi ameshikwa na uchungu."

"Uchungu gani? Si bado miezi miwili na ushee!"

"Hilo kamwambie mtoto. Mimi naleta habari tu."

Wateja waliokuwa wakigombea blanketi walimwona akishuka mezani bila kusema neno. Hapo wakajua kuna jambo, kwa sababu Spika hata akijikwaa hutangaza.

Mke wake alikuwa fundi wa saa, na ndivyo wote walivyomwita: Fundi. Alikuwa na kibanda chembamba kati ya duka la vitabu na duka la dawa, chenye meza ndogo, taa ya kupinda shingo na lenzi ya kubana jichoni. Mtu wa maneno machache. Watu waliposhangaa wawili hao walikutana wapi, Spika alikuwa na jibu lake: "Mimi nasema, yeye anasikia. Tumegawana kazi." Asubuhi hiyo Fundi alikuwa akirudisha gurudumu dogo ndani ya saa ya mteja alipohisi maji yakimtoka. Akaliweka gurudumu kwenye kisahani, akakifunika lisipotee, akazima taa, ndipo akamwita jirani.

Upasuaji ulifanyika mchana huohuo. Mtoto alikuwa wa kike, wiki thelathini, kilo moja na robo. Alilia mara moja tu, kilio chembamba kama cha paka aliyefungiwa kabatini, akachukuliwa mbio kupelekwa wodi ya watoto njiti, wale wanaozaliwa kabla ya siku zao. Fundi akabaki chumba kingine, ghorofa ya chini, na mshono tumboni na kichwa kizito kwa dawa.

Spika alipofika kwenye mlango wa ile wodi alikuwa amejiandaa kufukuzwa. Mwenzake mmoja wa sokoni aliwahi kupata mtoto njiti miaka ya nyuma, na hadithi yake ilikuwa ya huzuni: unamtazama mwanao kupitia kioo, saa moja kwa siku, basi. Kwa hiyo Spika alikuwa ameshatunga hotuba. Aliyefungua mlango alikuwa mwanamke mfupi, miwani ikining'inia kifuani kwa kamba. Alikuwa Sista Mkuu.

"Nimekuja kumwona mwanangu," Spika akaanza. "Najua saa za wageni bado, lakini kwa heshima na taadhima naomba..."

"Wewe ni mgeni?"

"Mimi ni baba."

"Basi umechelewa. Vua saa, kunja mikono ya shati, nawa mpaka kwenye viwiko. Sabuni ile pale. Nikikwambia basi, ndiyo unaacha."

Hotuba ikamfia mdomoni. Alinawa kama mtu anayeingia kupasua, huku Sista akimweleza kwamba mambo ya kioo yalikwisha. Ilimchukua yeye miaka miwili ya vikao na barua kuwashawishi wakubwa wa hospitali, lakini sasa kila kitanda kilikuwa na kiti cha kuegemea, na kiti kile kilikuwa cha mzazi. Aje asubuhi, aje jioni, atakavyo. "Sisi ndio tunaowasaidia ninyi kulea," alisema, "si ninyi mnaotuomba ruhusa."

Ndani kulikuwa na joto la jikoni na mwanga hafifu. Masanduku manane ya kioo yalipangwa kando ya ukuta, kila moja na skrini yake na nyaya zake. Spika, kwa mazoea na kwa adabu, akasalimia:

"HABARI ZENU!"

Watoto wanane wakarusha mikono juu kwa pamoja. Mashine mbili zikaanza kulia. Mama mmoja aliyekuwa akikamulia maziwa kwenye kikombe akajimwagia mapajani.

"Baba," Sista alisema kwa upole wa kutisha, "kwa hawa, mlango ukibamizwa ni radi. Na wewe umeshinda mlango."

"Samahani," Spika akanong'ona.

Mashine ya tatu ikalia.

"Huko ndiko kunong'ona?"

"Nisamehe, Sista. Ndiyo kwanza najifunza."

Mwanawe alikuwa sanduku la tano. Mwanzoni Spika aliona kofia tu, kofia ya sufu ambayo ingelitosha chungwa, na mirija miwili myembamba ikimpulizia hewa puani. Kisha akaona mkono. Ulikuwa na kucha. Kucha zote tano, zimekamilika, kila moja ndogo kama punje ya ufuta. Akazihesabu tena.

"Ingiza mikono," Sista alisema, akifungua madirisha mawili ya duara ubavuni mwa sanduku.

"Nitamvunja."

"Humvunji. Lakini usimpapase, ngozi yake bado changa, kupapaswa anaona anakwaruzwa. Kiganja kimoja kichwani, kingine miguuni. Halafu tulia. Tulia tu, kama vile huna mahali pa kwenda."

Spika hakukumbuka aliwahi kutulia lini. Akatulia. Viganja vyake viwili vilimfunika mtoto karibu wote. Baada ya dakika chache Sista akamgusa begani, akamwonyesha skrini. Mapigo ya moyo, yaliyokuwa mia na themanini na kitu, yalikuwa yakishuka polepole: mia na sabini, mia na sitini na tano, mia na hamsini na nane.

"Hiyo dawa sina kabatini," Sista alisema. "Hiyo ni wewe."

Alipoulizwa jina la mtoto la kuandika kwenye kadi ya kitanda, Spika alisema hilo atalijua mama yake, ila kwa sasa ni kilo na robo. Muuguzi mmoja akacheka, akaandika kwa penseli: Robo. Penseli ile haikufutwa mpaka mwisho.

Kesho yake Fundi aliletwa kwa kiti cha magurudumu. Alimtazama mwanawe muda mrefu sana, kichwa ameinamisha upande mmoja, kama anavyotazama saa kabla hajaifungua. Spika alikuwa amejaa maelezo ya mirija na namba, lakini alipoona uso wa mkewe akayameza.

"Nimeshindwa kumshikilia," Fundi alisema.

Sista Mkuu akavuta kigoda, akakaa mpaka macho yao yakawa sawa. "Mama, nitakwambia hili leo na kesho na keshokutwa, mpaka uchoke kunisikia. Hakuna ulichokosea. Haya. Sasa nina shida na wewe. Kuna kazi hapa siwezi kuifanya. Maziwa yako ndiyo dawa yake ya kwanza, hata matone matatu. Halafu nataka umjue."

"Nimjue?"

"Mimi nina watoto wanane, na nikimaliza zamu naenda nyumbani. Wewe una mmoja. Wiki haitaisha kabla hujamjua kuliko mimi. Na ukishamjua, useme. Usininyamazie."

Kusema hakukuwa fani ya Fundi. Lakini mikono alikuwa nayo. Maziwa alipewa Robo kwa mrija mwembamba uliopita mdomoni mpaka tumboni: unashika bomba la sindano juu, maziwa yanashuka yenyewe, taratibu, na mkono ukitikisika yanakwenda kasi na mtoto anatapika. Wazazi wengi ilibidi wajifunze siku nne tano. Fundi alishika mara ya kwanza, mkono ukasimama hewani kama umepigwa msumari. Wauguzi wawili wakaja kutazama.

"Mama, wewe umesomea wapi?"

"Kibandani," Fundi akajibu. Siku hiyo ndipo walipomwona akitabasamu.

Siku ya nne ilikuwa ya Robo kutoka kwenye sanduku na kuwekwa kifuani, ngozi kwa ngozi. Fundi aliamka na homa, akakatazwa kupanda juu. Alilia kidogo, kisha akamwambia mumewe, "Nenda wewe. Usimwache angoje."

Spika akakaa kwenye kiti cha kuegemea, shati wazi. Mungu alimjalia kifua chenye manyoya ya kutosha watu wawili.

"Ana bahati huyu," Sista alisema. "Wenzake wanalala kifuani, yeye kapata zulia."

Wauguzi wawili wakamhamisha Robo pamoja na mirija yake, wakamsimika wima katikati ya kifua cha baba yake, nepi na kofia tu, miguu imekunjwa kama ya chura. Wakamfunika na kumfunga kwa kitambaa kipana. Spika aliambiwa akae saa moja isipungue. Alikaa mbili na nusu. Hakusema neno. Simu yake, iliyokuwa kwa muuguzi, ilijaa ujumbe kutoka sokoni. Mtu fulani alimpigia Bibi, mama yake Spika, kumpa pole, maana Spika kukaa kimya muda huo wote kungeweza kuwa na maana moja tu.

Alishuka ghorofa ya chini macho mekundu, meno yote nje.

"Enhe?" Fundi akauliza.

"Alinishika unywele wa kifua, akavuta."

"Ukafanyaje?"

"Nikavumilia! Machozi yananitoka, nasema moyoni, vuta mwanangu, vuta tu, zote ni zako."

Fundi akacheka mpaka akashika mshono. "Usinichekeshe, utanipasua." Homa ikamwachia siku mbili baadaye, na tangu hapo walipokezana, asubuhi mama, alasiri baba. Fundi alipokuwa na Robo kifuani hakuzungumza. Alisikiliza.

Bibi naye hakungoja tena habari za simu. Alifika na mfuko mkubwa na msimamo mkali. Kila familia iliruhusiwa kuchagua mtu mmoja wa tatu, na hawakuhitaji kufikiri.

"Mimi nimezaa sita," Bibi alimwambia Sista penye sinki. "Leo nifundishwe kunawa mikono?"

"Ndiyo, mama. Hata mimi nilifundishwa, na nimezaa pacha."

Bibi akamtazama juu mpaka chini. "Pacha?"

"Pacha, mama."

"Haya, leta sabuni."

Alipowekewa mjukuu kifuani aliambiwa asifanye kitu, akae tu. Maisha yake yote hakuna aliyewahi kumwambia Bibi akae tu. Alitulia dakika kumi, machozi yakimtiririka bila kelele, akimwambia mtoto, "Karibu, mama yangu, karibu. Ulikuwa na haraka gani?" Kisha akafuta uso, akaangaza wodini, akaanza kuona makosa. Yule mama wa kitanda cha pili tangu asubuhi hajala. Yule baba pale amevaa soksi zisizofanana, huyo hajalala. Kulikuwa na chumba kidogo cha wazazi mwisho wa ujia, chenye birika na makochi mawili, ambacho hakuna aliyekikumbuka. Ndani ya wiki kilikuwa chini ya utawala wa Bibi. Ukipita mlangoni mwake bila kunywa chai ya maziwa, ulikuwa unaitwa kwa vidole viwili. Mama wa kitanda cha pili, aliyekuwa haongei na mtu, siku moja alimlalia Bibi begani akasinzia na kikombe mkononi, na Bibi akakaa hivyo hivyo hadi bega likafa ganzi.

Madaktari walipita kila asubuhi, kitanda kwa kitanda, na mzazi hakutolewa nje. Daktari wa watoto, mama mtu mzima mwenye sauti ya taratibu, alikuwa akimaliza kusoma karatasi zake anageuka na kuuliza, "Mama, wewe unaonaje?"

Siku za mwanzo Fundi alijibu, "Mnajua ninyi."

"Hapana," Sista angesema kando yake. "Jaribu tena."

Akajaribu. Siku moja alisema Robo akilala ubavu wa kushoto hapumui kwa raha kama wa kulia. Siku nyingine alisema maziwa ya saa nne humkalia vizuri kuliko ya saa saba, kwa sababu saa saba wodi ina kelele za kubadilishana zamu. Daktari akaandika, wakabadilisha, ikawa kweli. Uzito ulipanda kidogokidogo. Ile mirija ya puani ikaondolewa, na Robo akaonyesha uso wake mzima kwa mara ya kwanza. Spika alidai ni yeye mtupu. Bibi akasema, "Mwache mtoto wa watu. Mzuri huyu."

Ikafika siku ya kumi na tisa.

Fundi aliingia asubuhi kama kawaida, akanawa, akafungua madirisha ya sanduku, akampa Robo kidole. Kila siku Robo alikikamata, na kabla maziwa hayajafika nusu ya bomba alikuwa ameshakivuta mara mbili tatu, kama mtu anayehimiza. Leo mkono ulikuwa wazi. Fundi akagusa kiganja kile kwa ncha ya kidole. Vidole vikajikunja kidogo, vikaachia. Akasubiri. Akagusa miguu, akagusa tumbo. Akatazama ngozi pembeni mwa midomo. Bomba la maziwa hakulishika.

"Vipi?" Spika akauliza. Alikuwa amepitia kabla ya kwenda sokoni.

"Leo si yeye."

Spika akatazama skrini. Namba zilikuwa nzuri zote. Muuguzi aliyekuwa karibu akapima joto: sawasawa. Akaandika alichoambiwa na mama, akaahidi kumwambia daktari.

Daktari wa siku zote alikuwa likizo. Aliyepita raundi alikuwa kijana aliyehamia wiki hiyo, mwerevu, mwenye mwendo wa haraka na wagonjwa wengine watatu waliokuwa wakimngoja ghorofa nyingine. Alisoma karatasi, akatazama skrini.

"Vizuri sana. Joto sawa, oksijeni sawa, anaongezeka. Tuendelee hivi hivi." Akageukia kitanda cha sita.

Fundi alifungua mdomo. Akaufunga. Spika aliona jinsi mkewe anavyokamata kingo za kiti, na damu ikampanda. Sauti ilikuwa imeshamfika kooni, ile ya sokoni, ile ya kusimamisha watu mia. Akawatazama watoto wanane. Akaimeza. Kilichotoka, wote walikubaliana baadaye, kilikuwa mnong'ono wa kwanza wa kweli katika maisha yake.

"Daktari. Mke wangu hajamaliza."

Kijana akageuka. Sista Mkuu, aliyekuwa ameshika mafaili, alisogeza kigoda kwa mguu mpaka kikamgusa daktari gotini. Ikabidi akae.

"Samahani, mama," daktari alisema. "Niambie."

"Leo si yeye," Fundi alisema. Kisha, kwa kuwa wote walikuwa wakimngoja, akaendelea. "Kila siku ananishika kidole. Leo ananigusa tu, anaachia. Tumbo lina joto lakini nyayo zimepoa, na jana hazikuwa hivyo. Hapa pembeni mwa midomo rangi imegeuka. Kidogo sana, sogea, tazama kutokea huku kwenye mwanga. Na anapumua, halafu anasubiri, halafu anapumua. Mashine hailii kwa sababu hasubiri muda mrefu. Lakini hajawahi kusubiri hivyo."

Hayo yalikuwa maneno mengi kuliko aliyowahi kusema kwa mkupuo tangu siku ya ndoa.

Daktari akasogea kwenye mwanga. Akatazama midomo, akagusa nyayo kwa mgongo wa kidole. Akakaa palepale, saa mkononi, akihesabu pumzi kwa dakika mbili kamili, na wagonjwa watatu wa ghorofa nyingine wakamngoja. Aliposimama mwendo wake ulikuwa wa haraka tena, lakini wa namna nyingine.

"Tuchukue damu sasa hivi. Na dawa ya maambukizi tuianze, tusingoje majibu."

Kabla ya saa nane mchana Robo alisahau kupumua mara mbili, na safari hii mashine ililia. Walimrudishia mirija ya puani. Joto likapanda. Majibu ya damu yalipotoka yakaonyesha vijidudu ndani ya damu, lakini dawa ilikuwa imeshaingia mwilini tangu asubuhi na ilikuwa kazini. Hakuna aliyemtoa Fundi nje. Alikaa pale kwenye kiti chake, kiganja kimoja kichwani pa mwanawe, kingine miguuni, na Spika akakaa kwenye kigoda nyuma yake, akimshika mabega vilevile, mkono huku na mkono huku. Bibi aliwaletea chai, ikapoa, akaleta nyingine, nayo ikapoa.

Siku mbili zilipita hivyo. Siku ya tatu, saa tatu asubuhi, Fundi akaita, "Sista!" kwa sauti iliyowashtua watoto wote wanane.

Sista akaja mbio. Fundi alikuwa akicheka na kulia kwa pamoja. Kidole chake kilikuwa ndani ya ngumi ya Robo, na ngumi ilikuwa ikivuta.

"Na bado mlikuwa mkinisema mimi kwa kelele," Spika alisema.

Daktari kijana alikuja baadaye, peke yake, bila mafaili. "Mama," alisema, "kama tungengoja mpaka mashine ituambie, tungekuwa tunazungumza mambo mengine leo. Asante." Akaona haya kidogo, akaongeza, "Kesho nikipita, nitaanza kwa kukuuliza wewe." Na ndivyo alivyofanya, kwa kila mzazi, mpaka raundi zake zikawa ndefu na wauguzi wakaanza kumnung'unikia.

Wiki zilizofuata zilikuwa za kunenepa. Robo alitoka kwenye sanduku akahamia kitanda cha kawaida. Alijifunza kunyonya, akasahau, akajifunza tena. Alipofikisha kilo mbili Bibi alipiga vigelegele kwa kunong'ona, jambo ambalo hakuna aliyedhani linawezekana. Sista alimwomba Spika awe anakaa dakika chache na kila baba mpya anayefika mlangoni na uso wa kufukuzwa. Spika aliifanya kazi hiyo kwa moyo wote. Alikuwa akiwakalisha karibu na sinki, anawaambia, "Ndugu yangu, kwanza hilo koo lako lifunge. Pili, una manyoya kifuani?"

Kabla ya kuruhusiwa kwenda nyumbani, walipewa chumba kidogo kando ya wodi, kitanda cha watu wawili na kitanda cha mtoto, wakae humo siku mbili na Robo wao wenyewe. Hakuna nyaya, hakuna skrini. Muuguzi alikuwa nyuma ya mlango, lakini haingii mpaka aitwe.

Spika alimlaza mtoto, akasimama, akatazama ukuta ambapo skrini ingekuwa.

"Sasa namba ziko wapi?"

"Hakuna namba," Fundi alisema.

"Tutajuaje kama mzima?"

"Mtazame."

Akamtazama. Robo alipiga chafya, akajichafua nepi, akakunja uso kwa nguvu ya mtu mwenye madai. Spika akambadilisha nepi mwenyewe, kwa usahihi kabisa, na akamaliza ndipo alipogundua ameivalisha nyuma mbele. Fundi alikuwa ameshasinzia. Kwa mara ya kwanza baada ya wiki saba alikuwa amelala mchana, mdomo wazi, mkono mmoja umefika kwenye kitanda cha mtoto. Spika hakumwamsha. Alirekebisha nepi, akakaa katikati yao, akasikiliza pumzi mbili, moja ndefu na moja fupi.

Waliruhusiwa asubuhi ya siku ya hamsini na tatu. Sista Mkuu aliwapa karatasi, namba ya simu ya wodi na onyo: mtu mwenye mafua asisogee, awe shangazi, awe mjomba, awe nani. Bibi alisema hilo aachiwe yeye. Jina la mtoto lilikuwa limeshaandikwa kwa wino kwenye cheti, jina zuri la bibi yake Fundi, lakini wauguzi waliopanga mstari kuaga wote walisema, "Kwaheri, Robo." Mama wa kitanda cha pili, ambaye mwanawe alikuwa amebakiza wiki moja, alimkumbatia Bibi akagoma kumwachia, ikabidi Bibi aahidi kurudi Jumatatu.

Wakashuka ngazi. Teksi ilikuwa inangoja langoni, mlango wa nyuma wazi. Spika alitangulia na mifuko. Bibi akaingia, akanyoosha mikono kumpokea mjukuu. Fundi alifika hatua ya mwisho ya ngazi, pale kivuli cha jengo kinapoishia, akasimama.

"Tunaondoka, mama?" dereva akauliza.

"Subiri kidogo, kaka," Fundi alisema. "Huyu ana siku hamsini na tatu duniani, na hajawahi kutoka nje."

Akafunua shuka usoni. Jua la asubuhi lilikuwa bado jepesi. Upepo ukapita, upepo wa kawaida wa barabarani wenye vumbi kidogo na harufu ya mkate kutoka mahali fulani, ukamgusa Robo shavuni. Akafumba macho kwa nguvu. Akatoa ulimi, akaurudisha. Kisha akafungua jicho moja, akaangalia juu, na la pili likafuata.

Spika aliweka mifuko chini. Bibi akateremka tena garini. Dereva aliwatazama, akawasha injini, akasogeza gari hatua mbili mbele ili lisimzibie mtoto mwanga, akazima, akatoka, akasimama nao.